Plaizi ya kuchora namba kwenye sikio la sungura, nimeitumia mwaka na miezi miwili sasa nawaambia nilichokiona

Jamani wafugaji wenzangu, tangu niweke picha ya sikio la yule jike wangu mweupe watu wananiuliza kila siku hiyo namba umeiandikaje, ni kitu gani, umenunua wapi, inauma, inafutika? Kwahiyo naandika yote hapa mara moja, samahanini itakua ndefu.

Mimi nafuga Kibosho, juu ya Moshi mjini, kihambani kwetu chini ya migomba, nina majike 18 ya kuzalisha na madume 4, wengi ni mbegu ya New Zealand White na wachache mbegu ya California. Mwenye hao weupe ananielewa. Weupe wote, macho mekundu wote, ukiwaweka sita kizimba kimoja ukageuka kuchukua ndoo ya maji ukirudi hujui tena nani mtoto wa nani.

Zamani nlikua natumia maka peni. Unaandika ndani ya sikio vizuri kabisa, siku nne tano hamna kitu, maana sungura kutwa nzima anajisafisha masikio kwa miguu ya mbele na wenzie wanamlamba, kwahiyo kila wiki uko bandani unarudia. Mwaka juzi nikalazwa wiki mbili, kijana anaenisaidia alikua analisha na kufagia vizuri tu ila kuandika hakuandika, sikumlaumu maana sikumwambia. Nimetoka hospitali naenda bandani masikio yote matupu. Nikapanga kwa kukisia, huyu atakua yule, yule atakua huyu, maisha yakaendelea. Miezi kadhaa mbele nikampandisha jike mmoja mzuri sana ambae uzao wake wa kwanza alitoa watoto 8, safari hii akatoa watatu. Nikasema labda joto. Walivofika wiki ya saba wawili kati ya wale watatu meno ya mbele yakaanza kupishana, ya chini yametokeza mbele ya ya juu, na meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, yanapunguzwa kwa kusagana yenyewe kwa yenyewe, yasipokutana yanarefuka tu mpaka mnyama anashindwa kukata jani. Wale watoto walikua wanakonda huku majani yamejaa mbele yao. Nilikaa na daftari usiku mzima nikahesabu nani aliuzwa, nani alikufa, nani alibaki, ndio nikaelewa lile dume nililompandishia lilikua baba yake mzazi. Ule ubovu wa meno unatembea kwenye damu kimya kimya, ukikutanisha ndugu wawili ambao wote wanaubeba ndio unatokea kwa watoto. Sikulala vizuri siku zile, nawaambia ukweli.

Baada ya hapo nikajaribu hereni, zile ndogo za bati. Kwa ng'ombe na mbuzi hereni ni kitu kizuri, kwa sungura hapana. Mmoja ilinasa kwenye waya wa kizimba akavuta, sikio likachanika mpaka ukingoni, mwingine wenzie waliitafuna mpaka kidonda. Nikazitoa zote wiki hiyohiyo.

Sasa plaizi. Ni kama ile plaizi ya fundi ila mdomoni ina sehemu ya kupachika tarakimu, kila tarakimu ni kipande kidogo chenye sindano nyingi fupi zimepangwa kuchora umbo la namba, na upande wa pili kuna mpira laini wa kupokea. Unabana sikio, sindano zinatoboa ngozi, unapaka wino, unasugua, wino unabaki chini ya ngozi mpaka sungura anakufa. Basi. Marekani chama chao cha wafugaji wa sungura, ARBA, hakikubali sungura aingie kwenye mashindano bila namba kwenye sikio la kushoto, la kulia wameliacha kwa ajili ya namba ya usajili. Mimi sina mashindano ila nimefuata hivohivo, kushoto tu, ili mtu yeyote akimshika sungura wangu ajue aangalie wapi.

Ununuzi wenyewe ulinichosha. Duka la kwanza lilikua Arusha, karibu na stendi, silitaji jina. Nikawaelezea vizuri kabisa, sungura, sikio dogo, nataka sindano ndogo. Yule kaka akanifungia boksi kwenye karatasi ananiambia mama hii ndio yenyewe, nenda kwa amani. Nimefika nyumbani nafungua, tarakimu moja tu inakaribia kujaza upana wa sikio la mtoto wa wiki nane, ni saizi ya ng'ombe! Nikarudi kesho yake, nauli ya kwenda na kurudi, wakakataa kurudisha hela eti boksi limeshafunguliwa. Sasa ntajuaje kilichomo bila kufungua? Mwisho wakakubali kubadilisha kwa kuongezea elfu kumi na tano, na hiyo ndogo walionipa namba 7 ilikua na sindano mbili zimepinda. Hiyo niliipeleka mwenyewe kwa fundi saa mjini Moshi akazinyoosha kwa kibano chake, kazi safi. Kwahiyo ukienda dukani usitoke kabla hujafungua, na uangalie urefu wa tarakimu. Ya sungura iwe kama milimita 8 au pungufu hapo, hata 6. Ukiona inakaribia sentimita moja mwambie hiyo ya ng'ombe na mbuzi.

Kitu kingine ambacho hakuna alieniambia, seti inakuja na 0 mpaka 9 kila moja mara moja. Maana yake huwezi kuandika 22, huwezi kuandika 33 wala 101. Nimeligundua nikiwa nimeshashika sungura mkononi. Mimi nimepanga hivi, tarakimu ya kwanza ni dume aliezaa, 1 mpaka 4, zinazofuata mbili ni namba ya mtoto, na zile zinazojirudia naziruka kwenye daftari. 214 ni mtoto wa 14 wa dume namba 2. Ukiwa na sungura wengi kuliko mimi nunua seti mbili kabisa.

Na namba kwenye plaizi zimegeuzwa kama unazitazama kwenye kioo, kwahiyo unazipachika kinyumenyume. Kila mara bana kwanza kwenye kipande cha boksi uone imetokaje. Mara ya pili kutumia sikufanya hivo, nina jike alitakiwa kuwa 124 sasa ni 421 mpaka leo, na kwenye daftari nimeandika kwa wino mwekundu kwamba huyu baba yake ni 1 sio 4.

Haya, sasa nifike kwenye kitu ambacho ndio kimenifanya niandike. Watu wengi wanaosema plaizi ni mbovu, namba inafutika, namba haisomeki, wanailaumu plaizi bure. Sindano zinafungua mlango tu. Kinachobaki kwenye sikio ni wino, na wino hauingii wenyewe, unasuguliwa. Nimeyaona haya kwa watoto wa uzao mmoja, siku moja, plaizi moja, mkono wangu mwenyewe. Wa kwanza alikua anarusha miguu sana nikapaka wino nikasugua haraka haraka nikamwachia nikimwonea huruma. Wa pili alitulia, nikasugua kwa mswaki laini wa mtoto nikihesabu taratibu mpaka 40. Mwezi mmoja baadae wa pili anasomeka kama gazeti, wa kwanza ni 2 na 6 zimebaki, ya katikati imebaki nukta tatu tu. Ilibidi nimtoboe upya. Huruma yangu ya siku ile imemfanya aumie mara mbili.

Na wino wenyewe ni muhimu mno. Kile kichupa kilichokuja kwenye boksi ni mwepesi kama maji, unateremka kwenye manyoya kabla hujashika mswaki. Nlitumia kwa watoto watatu, wote ndani ya miezi miwili namba zimekua kijivu hafifu. Nikaja kupata wino mzito kama dawa ya meno kwenye kopo dogo, nimeupata kwa mama mmoja mwenye duka dogo la dawa za mifugo njia ya kwenda Mbuyuni, alimwagizia mteja mwingine mfugaji wa nguruwe ukabaki. Huo unakaa pale ulipoupaka, unasugua unazama. Tafadhali sana usitumie wino wa kalamu wala wa printa, nimeona mtu anashauri hivo na roho ikaniuma, unaingiza kitu usichokijua kwenye mwili wa mnyama.

Kwa wenye sungura weusi au wa mbegu ya chinchila, wale wa kijivu, wino mweusi hauonekani kwenye sikio jeusi, tumieni wa kijani. Na hata ukiwa hafifu, usiku washa tochi ya simu nyuma ya sikio mwanga upite, namba inajitokeza yenyewe. Nilivoona hivo mara ya kwanza nilimwita mume wangu aje aone.

Nnavofanya mimi. Nachagua asubuhi mapema kabla jua halijapanda, na nina sababu. Sungura hatoi jasho kama sisi, joto lake analitolea masikioni, kukiwa na joto mishipa ya masikio inatanuka inajaa damu, sasa ukitoboa mchana wa mwezi wa pili, na Moshi ile mnaijua, damu inakuja nyingi inasukuma wino nje. Asubuhi ya baridi ya Kibosho masikio yamepoa na mishipa imesinyaa. Naliinua sikio kwenye mwanga naangalia, kuna mshipa mkubwa unapita katikati na mingine pembeni kufuata ukingo, kati ya huo wa katikati na wa pembeni kuna sehemu tupu haina mshipa mkubwa, namba yangu inakaa hapo. Ukitoboa ule mkubwa utaona mwenyewe, damu na wino vinachanganyika unabaki na doa.

Nafuta kwanza kwa pamba yenye spiriti nasubiri ikauke, namfunga kwenye taulo mwili wote kibaki kichwa tu, na hapa naomba mnisikilize, mtu wa kushika awe anajua kushika. Sungura ana miguu ya nyuma yenye nguvu na uti wa mgongo mwepesi, akirusha miguu huku makalio hayajaegemezwa anaweza kuvunjika mgongo mwenyewe. Na msimwinue kwa masikio, bado naona watu sokoni wanawabeba hivo. Namba inaanzia upande wa kichwa kwenda kwenye ncha, siku zote, ili 6 na 9 zisije zikanichanganya. Nabana mara moja kwa nguvu, naachia. Ukibana kwa woga nusunusu sindano hazifiki na inabidi urudie, hiyo ndio mateso. Napaka wino, nasugua, napaka vaselini juu, namrudisha kwa mama yake. Simwoshi. Atakua na sikio chafu jeusi wiki ya kwanza mpaka utadhani umeharibu, usiguse, wiki ya tatu ya nne uchafu umetoka wenyewe na namba imekaa. Kila nikimaliza mmoja sindano nazichovya spiriti kabla ya mwingine, na mwenye gaga la masikio, ule ukoko unaoletwa na wadudu, simtoboi mpaka apone.

Umri, mimi nafanya wiki ya nane, wakiwa bado na ndugu zao kizimba kimoja, kabla sijawachanganya na watoto wa mama mwingine. Ukishawachanganya umechelewa.

Inauma? Inauma. Nisiwadanganye. Wengine wanaruka, wengine wanatoa mlio mmoja mfupi ambao hutausahau. Binti yangu anasomea mambo ya mifugo ndio alienionyesha kwamba mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle kule Uingereza waliwachunguza sungura hasa wakati wa kuchorwa tatuu masikioni, wakatengeneza kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa sungura, macho anayafumba nusu, mashavu yanabonyea, pua inachongoka, sharubu zinabadilika mkao, masikio anayalaza. Na wakaona krimu ya ganzi ya kupaka, ile yenye lidokeini na prilokeini, ikipakwa mapema inawapunguzia maumivu sana. Tangu nijue hayo naangalia nyuso zao, na kweli unaziona hizo dalili zote, nlikua naziona miaka yote bila kujua nimeona nini. Sasa napaka krimu nusu saa kabla, nafunika na kipande cha nailoni laini wasiilambe, alafu naifuta yote kwa spiriti kabla ya kubana. Krimu inapatikana duka la dawa za binadamu, sio bei rahisi, ila tyubu moja inanitosha uzao kadhaa na tofauti naiona. Tangu nianze kuitumia nimesikia mlio mara moja tu. Ulizeni kwanza kwa daktari wenu wa mifugo, mimi nasema nilichofanya bandani kwangu.

Kuna walioniuliza kuhusu peni ya umeme, ile ya betri inayochora kama ya watu wanaojichora tatuu. Rafiki yangu mfugaji wa Ngaramtoni anayo, nilienda Jumamosi moja tukachora wote watoto 9. Ni nzuri kwelikweli kwenye mkono wa mtu mwenye mwandiko, unaandika chochote, 22, 33, hata herufi, na unakwepa mshipa unavotaka. Ila inachukua dakika kadhaa kwa kila mmoja wakati plaizi ni kufumba na kufumbua, inatetemeka na inavuma karibu kabisa na sikio, wengine inawatisha kuliko maumivu yenyewe, na ukiwa peke yako huwezi. Yeye ana majike 6 inamfaa. Mimi kwa idadi yangu siwezi kuikalia.

Faida nimeiona wapi. Kwanza sijakutanisha ndugu tena hata mara moja. Nampindua jike sikio, nasoma, naenda kwenye daftari, nachagua dume. Wateja wa mbegu nao, mtu anatoka Pasua au Boma Ng'ombe anataka dume na majike mawili, swali lake la kwanza ni hawa sio ndugu? Zamani nlikua naapa. Sasa namfungulia sikio na daftari anajisomea mwenyewe. Na mwezi wa tisa waya wa kizimba ulilegea majike mawili yakatoka yakaingia banda la jirani ambae nae ana weupe, ikaanza maneno, huyu wangu huyu wako, mpaka balozi wa nyumba kumi akaitwa. Balozi akauliza alama yenu ni ipi, nikasema sikio la kushoto, nikataja namba zao, akageuza mwenyewe akasoma kwa sauti. Jirani akaomba radhi na mimi nikamshukuru kwa kuwapa majani usiku ule, hatukugombana. Sasa anakuja kuazima plaizi yangu kila uzao.

Kwa jumla plaizi naipa nyota nne kati ya tano, moja naitoa kwa hizo tarakimu moja moja na kwa kile kichupa cha wino ambacho bora wasingeweka kabisa. Huduma ya lile duka la Arusha naipa moja. Yule mama wa njia ya Mbuyuni tano zote, alinifungulia kopo la wino kabla sijalipa akaniambia gusa kwanza. Mimi yangu imenigharimu elfu 95 pamoja na ile nyongeza, nauli sijahesabu, na wino mzito elfu 18 kopo ambalo mpaka leo halijafika nusu.

Anaetaka kuona kwa macho aje Jumamosi hii asubuhi, nina uzao wa watoto 7 wa dume namba 3 wanafikisha wiki nane. Naanza saa moja kamili kabla jua halijapiga bandani, krimu ntakua nimeshapaka. Aje na taulo.